Wimbo wa Mwanzo Mwishoni

Kwenye arobaini ya shangazi yangu Tausi, pale Mtawanya, wanawake waligombana juu ya wimbo. Kisomo kilikuwa kimekwisha, wanaume wamekula na kunawa, nasi tumebaki uani miguu tumeinyoosha juu ya mikeka, tunachambua mabaki ya pilau na maisha ya watu. Mmoja akaukumbuka mchezo wa kuigiza uliokuwa ukioneshwa kwenye televisheni ya Mzee Mbonde kule Kibiti, zama zile televisheni moja ilitosha mtaa mzima, akasema marehemu alikuwa radhi akose chakula kuliko kuukosa. Akauimba muziki wake kwa mdomo, bila maneno, huku akijipiga paja. "Huo ndio wa kufungulia," akasema. Mwingine akakataa, ati huo ni wa kufungia. Ua mzima ukagawanyika. Mimi nikasema ni wa kufungulia, maana wa kufungia haukuwa na ngoma hata kidogo, na kabla sijamaliza akanidaka Mwanaidi, mke wa binamu yangu: "We Zainabu uliuona wapi? Si ulikuwa ndani weye?" Wakacheka wote. Nami nikacheka, kwa sababu ukikasirika kwenye arobaini watu husema una lako jambo. Lakini nilikasirika, na mpaka leo ninapoandika haya sijapoa sawasawa. Hakuna mtu katika Kibiti nzima aliyezijua nyimbo zile mbili kama mimi. Wao walikuwa na picha za kutazama, wakaisahau sauti. Mimi sikuwa na kingine.

Nilivunja ungo mwishoni mwa darasa la sita, shule zimefungwa, na kabla sijaelewa nini kimenipata bibi yangu alikwisha kunifunika khanga na kuniingiza chumba cha nyuma. Kwetu hilo halikuwa jambo la kushangaza. Dada zangu walikaa mle mle, na mama zao kabla yao. Bibi alisema nitatolewa baada ya mavuno ya mpunga, nichezwe ngoma, watu wale washibe, kisha nirudi shule kwa muda uliobaki nikafanye mtihani wa darasa la saba. Aliahidi mbele ya baba yangu, nami nilimsikia kwa masikio yangu kupitia ukutani. Niliishika ahadi ile kwa mikono miwili. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, sioni haya kulisema, na nilijua vizuri kwamba msichana wa kwetu asipofanya mtihani ule mwaka wake, mwaka unaofuata atakuwa anapikia watu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha udongo, kitanda cha kamba upande mmoja, mkeka upande wa pili, na dirisha dogo lililozibwa kwa kipande cha kaniki. Kilinukia liwa, moshi, na gunia la kamba wakavu ambalo mjomba alikuwa akilileta kutoka delta na ambalo lilikosa pahala pengine pa kukaa. Harufu ile ya kamba iliniingia mpaka kwenye nywele. Mwali hasemi kwa sauti. Akitaka kitu hupiga makofi polepole, akisikia mgeni hujifunika, akienda bafuni huenda na somo wake akiwa amefunikwa gubigubi kama mzigo wa kwenda sokoni. Somo wangu, yaani mwalimu wangu na mlinzi wangu, alikuwa shangazi Tausi, mjane asiyekuwa na mtoto, mwenye mkono mzito na cheko jepesi. Alinifundisha mengi ambayo siwezi kuyaandika, na mengine ambayo sikuyaelewa mpaka nilipoolewa. Alinisugua kila asubuhi mpaka nikang'aa. Alinilisha mpaka nikanenepa nikiwa sifanyi kazi yoyote. Kijana wa leo akisikia hivi husema, shangazi, mbona raha hiyo! Mwache akae chumba kimoja mwezi mmoja tu, halafu tuzungumze. Mimi nilifika mahali nikawa naujua kila ufa wa ukuta, na nikawa naona uchungu mjusi anapotoka kwa sababu yeye anatoka.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mzee Mbonde, mwenye mashine ya kusaga. Kwa kuwa alikuwa na jenereta, akanunua na televisheni, antena akaifunga juu ya boriti ndefu ya mkoko. Kila alasiri aliiweka dirishani ikitazama uwanja wake, watu wakaja na vigoda vyao. Mimi niliipata kwa njia ya ukuta: mngurumo wa jenereta kwanza, kisha muziki, kisha kelele za watu. Nikajifunza vipindi kwa masikio. Taarifa ya habari ilikuwa na muziki mmoja huku na huku, ukiusikia hujui kama wanaanza au wanakwisha. Kipindi cha watoto vilevile. Lakini mchezo wa Jumapili, huo ulikuwa na nyimbo mbili tofauti kabisa. Wa kufungulia ulikuwa wa ngoma na tarumbeta, unakimbia, unaita watu, na ukianza tu unasikia kandambili zikipita nje mbiombio na mama mmoja anapiga kelele, "Wameanza, jamani, wameanza!" Wa kufungia ulikuwa gitaa moja na mwanamke anayeimba taratibu, mrefu, unaburuta miguu, kana kwamba hata wenyewe hawataki watu waende zao. Niliupenda ule wa kufungia. Ulikuwa wimbo wa mtu anayejua kukaa peke yake.

Shangazi Tausi aliugua mchezo ule. Siku za mwanzo alikuwa akiniaga kwa heshima: "Mwanangu, nachungulia kidogo tu, usitoke." Baadaye ngoma zikilia tu anaruka, khanga anaifunga akiwa mlangoni. Alirudi wimbo wa mwisho ukishakwisha, hata mara moja hakurudi kabla, na alinisimulia yote huku akinisuka, nani kamdanganya nani, mama mkwe kasema nini. Hakujua kusoma, kwa hiyo maandishi ya kwenye kioo hayakumhusu. Kwake mchezo ulianza kwa ngoma na kumalizika kwa gitaa. Nami nikagundua, Jumapili ya tatu au ya nne, kwamba kati ya ngoma na gitaa mimi nilikuwa sina mlinzi.

Kwanza sikuthubutu kutoka. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza. Kisha masika ikaja, na mwaka ule ilikuja na hasira. Mto ulitoka mahali pake ukalala juu ya bonde, na mpunga wetu wa Chumbi, ambao baba alikuwa amesema unapendeza mpaka wapita njia wanasimama, ukaondoka na maji. Habari hiyo niliisikia kwa kupitia ukuta vilevile. Baba alikuwa akizungumza chini kwa chini, na bibi akamjibu kwa sauti ile ile aliyotolea ahadi.

"Mtoto hatoki kwa ugali wa muhogo. Watu watatucheka mpaka Mkongo. Atangoja mavuno ya mwakani."

"Mama, mtihani," baba akasema.

"Mtihani gani? Mtihani una mwisho? Mwali akitoka bila ngoma huyo hakutoka. Miye nshasema."

Nilingoja baba aseme zaidi, nikalaza sikio ukutani mpaka likaingia baridi, na nilichosikia ni yeye kuomba maji ya kunywa. Siku ile nililia bila sauti, kama nilivyofundishwa, na nilimchukia baba yangu, nikamchukia na mto. Mwakani! Mtu mzima akisema mwakani anataja msimu. Mtoto wa miaka kumi na minne aliyefungiwa chumbani akisikia mwakani anasikia kaburi.

Jumapili iliyofuata ngoma zilipolia nilitoka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bafu la makuti, na nyuma ya bafu ua ulikuwa umeanguka kwa mvua na hakuna aliyeujenga, kila mtu akili yake iko shambani. Hapo nilimkuta Asia, rafiki yangu wa darasa moja, ambaye nilimtumia ujumbe kwa mdogo wangu. Amekaa juu ya tofali, daftari magotini. Tuliangaliana kwanza tukacheka, mimi kwa sababu yeye amekuwa mweusi, yeye kwa sababu mimi nimekuwa mweupe na mnene. "We Zena, umekuwa kama andazi!" Kisha akaniambia neno lililonishika mpaka mwisho wa mwaka: mwalimu mkuu bado hajalifuta jina langu, na amesema nikifika kabla ya mtihani atanikalisha. Basi kuanzia hapo, kila Jumapili, wakati Kibiti nzima imeukodolea macho uwanja wa Mzee Mbonde, Asia alinifundisha mambo ya wiki nzima kati ya nyimbo mbili. Sayansi kwa kunong'ona, hesabu kwa kijiti mchangani. Njia ya nyuma iliyopita hapo ilikuwa tupu, hapiti hata mbuzi. Likianza gitaa tulikuwa na muda wa kutosha: yeye afute mchanga kwa mguu, mimi niingie, nijilaze, nijifunike. Shangazi akiingia ananikuta nahema polepole kama mtu aliyelala. Asia mpaka leo hajui mchezo ule ulihusu nini. Watu wakiusimulia shuleni Jumatatu yeye alikuwa akitikisa kichwa tu, na hakuwahi kunidai shukrani.

Lakini msidhani nilikuwa huru. Nilikuwa nimefungwa kwa kamba ndefu kidogo, basi. Siku sita nilikaa gizani nikirudia mafunzo ya siku moja, nikiandika hesabu kwa kucha kwenye ukuta na kuzipaka mate zisionekane. Nilikuwa sijui nitatokaje kwenda kwenye mtihani wenyewe. Nilijiambia nikiwa tayari, njia itapatikana. Kila nikikaribia kumwomba shangazi, nilikumbuka kwamba yeye ndiye ufunguo wa mlango na pia ndiye mlango.

Jumapili ile mtihani ulikuwa umekaribia sana. Ngoma zikalia, shangazi akaruka, mimi nikatoka. Tulikuwa kwenye hesabu za sehemu, na mimi sehemu zilikuwa zinanishinda. Robo tatu ukitoa thuluthi moja. Asia akachora mkate mchangani akaukata, mimi nikakosea, akaukata tena. Tukiwa katikati ya hapo, ngoma na tarumbeta zikalia upya kutoka kwa Mzee Mbonde, mbio mbio kama kawaida. Tukaangaliana.

"Wanaanza tena," nikasema.

Asia akatabasamu meno yote nje. "Leo wameweka miwili! Kaa, tumalize sehemu zote."

Nikakaa. Tena nikakaa vizuri, nikaiteremsha khanga mabegani kwa sababu ya joto, nikashika kijiti mwenyewe. Sijawahi kuwa na furaha kama ile mwaka ule wote. Nilikuwa nimepewa mchezo mzima wa ziada, hesabu zimeanza kukubali, na jua lilikuwa mgongoni kwangu. Ndipo nikasikia sauti za wanaume.

Ulikuwa mchezo wa mwisho wa ule mfululizo. Waliotengeneza, huko Dar es Salaam, waliona vyema wauage kwa ule wimbo wa furaha wa mwanzo badala ya gitaa. Hawakuwa na ubaya, nani angewaambia kwamba huko Kibiti nyuma ya bafu kuna mtu anayeishi kwa nyimbo zao? Wenye kusoma waliona neno mwisho kwenye kioo, wakainuka, wakashika njia ya nyuma kwenda makwao. Mbele alikuwa mwalimu wa madrasa, nyuma yake wanaume wengine na vijana. Mwalimu aliponiona akajifunika macho kwa kanzu, "Astaghfirullahi," akageuka na kumgonga aliyekuwa nyuma yake. Kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka mjini akapiga mluzi: "Oya, si mwali huyo!" Wakati huo shangazi Tausi alikuwa bado amekaa kwenye kigoda chake uwanjani, peke yake na watoto wawili, anangoja gitaa.

Wanawake wakubwa walikutana jioni ile ile chumba cha pili. Sikuhitaji kulaza sikio, walisema kwa sauti makusudi. Bibi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Walikuwa wakimuuliza shangazi, yeye analia tu akisema, "Walipiga wa mwanzo, jamani, haki ya Mungu walipiga wa mwanzo," na kadiri alivyozidi kulieleza ndivyo lilivyozidi kuonekana la kijinga. Uamuzi ukatoka. Mwali aliyeonekana na wanaume jua likiwa juu hana undani tena. Hawezi kurudishwa chumbani, maana hakuna kinachofichwa, na hawezi kuchezwa ngoma, maana hakuna kinachotolewa. Na somo aliyemwacha mwali wake kwa ajili ya televisheni asiitwe tena kufunda mtoto wa mtu.

"Basi na atoke," bibi akasema. "Atoke kama anayetoka chooni."

Nikatoka hivyo. Jumatatu asubuhi nilivaa sare iliyonibana kila mahali, nikafungua mlango wa mbele mwenyewe. Hakuna aliyepiga kigelegele. Jua liliniuma macho mpaka nikatembea nimeziba uso, miguu laini, watoto wananifuata nyuma wakiimba "Mwali! Mwali!" mpaka langoni mwa shule. Mwalimu mkuu alitimiza neno lake. Nilifanya mtihani, nikafaulu, Asia naye akafaulu, na leo mimi ni mwalimu wa hesabu, nafundisha sehemu kwa mkate uliochorwa. Nilipata kile nilichokitaka. Nasema hivyo ili mtu asidhani namwonea uchungu yule msichana niliyekuwa kwa sababu alishindwa. Alishinda. Ila hakuna aliyemwambia kwamba atashinda na bado atabaki pale pale.

Kwa maana tangu siku ile, ngoma ya mwali inapochezwa popote katika ukoo wetu, mimi napika, nachangia, nabeba maji, lakini wakubwa wanapoingia chumbani na mtoto kumwimbia zile nyimbo zenyewe, mlango unafungwa mbele yangu. Hawanitukani. Husema tu kwa upole, "Zainabu, tungojee hapo." Mabinti zangu wawili walichezwa nami nikiwa nje nimekaa juu ya kinu, mama mzazi, mwalimu mwenye cheti. Asiyechezwa hachezi, haingii, hajui. Kwa hesabu ya wanawake wa kwetu mimi sijatoka mpaka leo. Unaweza kusema hayo ni mambo ya kizamani, achana nayo. Nimejiambia hivyo mara nyingi na kwa sauti kubwa. Haisaidii kitu ukiwa umekaa juu ya kinu na mwanao yuko ndani.

Shangazi naye hawakumwita tena. Alihamia Mtawanya, akalima muhogo wake, na katika miaka yote ile hatukuzungumza juu ya Jumapili ile, si yeye si mimi. Alipougua mara ya mwisho nilichukua likizo nikaenda kumuuguza. Macho yalikuwa yamekwisha, mtoto wa jicho kayafunika yote mawili, na mwili umebaki wa kubebeka. Alasiri moja nilikuwa namlisha uji, akausukuma mkono wangu.

"Zainabu. Nikutoe."

Nikadhani yeye ndiye anayetaka kutoka, akaote jua. "Ngoja jua lipungue, shangazi, ntakutoa."

"Si miye. Weye. Nikutoe weye."

Nikaliweka bakuli chini. "Shangazi, miye nilishatoka. Nina watoto wanaonizidi kimo."

"Ulionekana," akasema. "Kuonekana si kutolewa."

Nilimuuliza, na sauti haikuwa ya heshima, ni nani aliyemzuia kunitoa muda wote huo, mabinti zangu wakichezwa mimi nikikaa nje. Hakuchukia. Alipapasa kitandani mpaka akaupata mkono wangu.

"Walionizuia wameshakufa, mwanangu. Nimebaki miye, na miye naondoka. Lete khanga."

Nikaleta. Akaniambia niinamishe kichwa, akanifunika, akauweka mkono wake begani kwangu, akasimama. Kusimama kwenyewe kulikuwa kazi. Akaanza kuimba kwa Kindengereko, wimbo ambao sijawahi kuusikia kwa sababu siku zote uliimbwa nyuma ya mlango, na sauti yake haikufika hata dirishani. Tukaenda hivyo, mimi nimefunikwa na yeye haoni, tunaelekea mlangoni. Hatukufika. Magoti yalimkatika tukiwa bado ndani, nikamdaka, tukakaa chini wote wawili sakafuni, yeye kifuani kwangu, kizingiti kiko mbele yetu na uwanja wenye kuku na jua uko ng'ambo yake. Akapumua kwa muda mrefu.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumefika, shangazi."

"Tumetoka?"

"Tumetoka," nikamwambia. Akamshukuru Mungu, akaniombea dua, akalala hapo hapo. Nami nikabaki ndani, nimejifunika, siwezi kuinuka nisimwamshe.